Jalada Lenye Alama ya Kuuliza

Mara ya kwanza Kituku kuniudhi, alikuwa amesimama mlangoni mwa duka akimkodolea macho mwanamke mwingine. Alisogea kushoto, akarudi kulia, kisha akachuchumaa pale pale vumbini kama mtu aliyedondosha kitu. Mwanamke mwenyewe alikuwa wa karatasi: nyota wa filamu za Kihindi, mwenye kipini puani na meno kama punje za mahindi machanga, ametundikwa kwa kibanio kwenye kamba yetu ya majarida.

"Bwana, hilo linanunuliwa," nilimwambia kutoka kaunta. "Si treni hiyo, uitazame bure mpaka ipite."

"Ngoja kwanza, dada. Ananifuata."

"Nani?"

"Huyu. Nikienda huku, macho kwangu. Nikienda kule, macho kwangu. Sasa nimechuchumaa, na bado. Njoo uone mwenyewe kama nadanganya."

Ningemfukuza. Lakini nina ugonjwa mmoja tangu utotoni: nikisikia "njoo uone", miguu hutangulia. Nilizunguka kaunta, nikasimama kando yake, nikaenda huku, nikaenda kule. Kweli. Nilikuwa nimeuza majarida hayo tangu Lois wangu aanze kutambaa, na sikuwa nimegundua kwamba yule bibi ananitazama mimi.

"Basi mwangalie huyu," nikasema, nikimwonyesha jarida la pili, lenye bwana na bibi wamekumbatiana. "Huyu bibi hatutazami. Anamtazama bwana wake."

"Na bwana?"

"Bwana anatutazama sisi."

Tulitazamana, tukaangua kicheko kwa pamoja, wala hatukujua tunacheka nini.

"Kwa hiyo mwanamke akiwa peke yake, yeye ndiye anayeuzwa," alisema taratibu, kama anayejisomea. "Akiwa na mwanamume, mwanamume ndiye anayeuzwa, na mwanamke amekuja kama shahidi."

"Kwani wewe ni nani, unayejua haya?"

"Sijui kitu. Ndiyo maana nimechuchumaa. Naitwa Kituku. Yule ng'ombe wa buchari ya ng'ambo ni wangu."

"Yule ng'ombe anayecheka?"

"Nilipomchora hakuwa akicheka. Jua la Voi ndilo limembambua mdomo."

Ndivyo tulivyoanza.

Duka lilikuwa la Mzee Fanuel, mstaafu wa reli, karibu na stesheni. Mchana yeye alikwenda kulala, mimi nikabaki na madaftari, wino, tambi za taa, na bunda la majarida ya filamu yaliyoshushwa na treni kutoka Mombasa. Voi haikuwa na jumba la sinema. Kilichokuwapo ni gari la filamu lililokuja mara moja moja, likatandaza shuka jeupe kwenye uwanja wa reli, na mbao zake za matangazo alizichora Kituku huyo huyo. Zile filamu za kwenye majarida hazikutufikia kamwe. Watu walinunua jalada tu. Walilibandika ukutani, wakalipenda, na hadithi wakajitungia wenyewe.

Basi kila treni iliposhusha bunda, Kituku alikuja. Alinuka tapentaini, na chini ya kucha zake kulikuwa na rangi ambayo sabuni ilikuwa imeshindwa nayo. Siku ya pili Lois alitoka kwenye katoni ya madaftari nilikozoea kumlaza, akamshika brashi iliyokuwa mfukoni mwa shati, na kuanzia hapo Kituku hakuniita dada tena.

"Mama Lois," alisema siku moja, tukiwa tumetandika majarida kaunta nzima kama nguo za mnadani, "hebu nisomee jina la jarida hili."

"Siwezi. Kichwa cha bibi kimefunika herufi za katikati."

"Na hili?"

"Hili nalisoma lote. Msichana amewekwa chini ya jina." Nikamtazama yule msichana. Alikuwa mpya, hata jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa ili tumjue. Nikarudi kwa yule wa kwanza. "Aa! Kituku! Anayejulikana hufunika jina la jarida. Asiyejulikana hukaa chini yake, kama mpangaji."

"Kama mpangaji!" Alipiga kaunta kwa kiganja. "Wewe mwanamke, umetoa wapi maneno hayo?"

"Kwa kupanga nyumba."

Nami nilikuwa na langu la kumwonyesha, jambo ambalo mikono yangu ilikuwa imelijua siku zote bila kichwa kuambiwa. Kamba ya duka ilikuwa fupi na majarida ni mengi, kwa hiyo niliyatundika yakilaliana kama mabati ya paa, kila moja likifunika upande wa kulia wa mwenzake. Mteja akisimama mlangoni huona kipande cha kushoto tu. Na maneno mazito yote, nani amemwacha nani, nani amelia, yalikuwa kwenye kipande hicho cha kushoto. Upande wa kulia walijaza nywele na mawingu.

"Watu wa Bombay wameijuaje kamba ya Voi?" Kituku aliuliza.

"Labda kamba ni fupi kila mahali."

Hakucheka. Alinitazama, si kama bwana wa kwenye jalada anavyotutazama sisi sote, bali kama yule bibi anavyomtazama mtu mmoja. Nilijifanya natafuta kibanio.

"Lakini niambie kitu," nikasema, kwa sababu ningenyamaza ningesikia moyo wangu unavyokwenda. "Hili jalada, kazi yake ni kufunika au kuonyesha?"

"Linafunika yaliyo ndani."

"Na linaonyesha yaliyo ndani."

"Basi nitakujibu nikijua," alisema, na akachukua brashi yake mkononi mwa Lois, ambaye alikuwa anajaribu kuila.

Nyumbani nilikaa na Shangazi Tryphena, dada yake baba, aliyeuza mboga zilizoshuka kutoka Werugha. Werugha ndiko kwetu, milimani Taita. Mama yangu yuko huko bado, kwenye ukungu, na ng'ombe wake wa maziwa na shamba la matuta. Babake Lois alikuwa fundi wa reli. Alipohamishwa kwenda bara alisema atatuma habari, na habari iliyokuja ni kwamba ameoa. Shangazi hakunisema hata neno moja siku ile. Alikata kabichi mpaka ikaisha yote. Kwa hilo nampenda hadi leo.

Ndiyo sababu ilikuwa vigumu kubishana naye juu ya Danson.

"Danson ni mtu," alisema, tukichambua sukumawiki uani. "Karani wa mashamba ya mkonge, mshahara kila mwezi, nyumba ya mawe kule Wusi. Amefiwa na mke, hakumtoroka mtu. Kanisani anakaa benchi ya mbele. Unataka nini zaidi?"

"Sijasema nataka zaidi, Shangazi. Nauliza Lois atalala wapi."

"Tumeshayasema hayo. Kwa mama yako. Mtoto wa nyumbani hubaki nyumbani, ndivyo tulivyo Wadawida. Hewa ni nzuri, maziwa yapo. Utakuwa unapanda kumwona."

"Danson amesema hivyo kwa mdomo wake?"

"Amesema kwa heshima. Kofia mkononi. Jumamosi anashuka na wazee wake." Akatupa jani lililooza. "Wakesho mwanangu, mimi nilimkataa mmoja nikimngoja mwingine. Huyo wa pili hakuja. Nisikilize."

"Na yule mchoraji?" nikaropoka.

Shangazi aliacha sukumawiki. "Mkamba wa brashi? Anayechora ng'ombe? Mvua ikinyesha ng'ombe wake wanafutika, mtakula nini? Ana maneno matamu, najua, Wakamba wamejaliwa ulimi. Lakini ulimi hauezeki nyumba."

Nilimtazama Lois akiwapanga kuku kwa ukubwa, kuku wasipangike, naye asichoke.

Jioni nilihudhuria masomo ya watu wazima. Watu walituita ngumbaru hata sisi tuliokuwa tunatafuta cheti. Wiki ile tulikuwa tunafundishwa alama za kuandika, na mwalimu alisema jambo lililonifanya nisahau kuandika. Alisema Kiingereza kikitaka kuuliza hupindua maneno, la mbele huenda nyuma. Kiswahili hakisumbuki. "Amekula" ni habari, "Amekula?" ni swali. Maneno ni yale yale, herufi ni zile zile. Tofauti yote imebebwa na kile kindoana na kitone chake.

Kesho yake nilimngoja Kituku kwa hamu mpaka mtu aliyetaka wino wa bluu nikamuuzia mwekundu.

"Tafuta kindoana," nikamwambia kabla hajafika kaunta. "Kwenye majalada yote. Kila palipo na alama ya kuuliza, fungua ndani tuone jibu."

Tulifungua moja baada ya jingine, vichwa vyetu vimekaribiana. Hadithi nyingine zilikuwa kwa Kiingereza, tukazifafanua kwa kusaidiana. *Amemwacha mumewe?* Ndani: hapana, alikwenda kumwona mama yake. *Amepofuka?* Hapana, ameanza kuvaa miwani. *Wameoana kwa siri?* Hapana, hata hawajuani.

"Hapana, hapana, hapana!" Kituku alicheka mpaka akafuta machozi kwa mkono wa shati. "Mama Lois, hawa ni waongo wasiosema uongo."

"Ingekuwa kweli wasingeuliza. Wangesema."

"Kwa hiyo ukiona swali kwenye jalada..."

"Jibu ni hapana. Daima."

Alilifunga jarida. Kisha akaniambia, bila kunitazama, kwamba kuna bwana Mombasa anataka kuanzisha jarida la sinema la Kiswahili, na anatafuta mchoraji wa majalada. Amemtaka ampelekee mfano. Akipendezwa, kazi ya kudumu ipo.

"Nahitaji uso," alisema.

"Wa nani?"

"Unaojua kutazama."

Alinichora mchana ule, duka likiwa tupu, joto limewalaza hata nzi. Nilikaa kwenye kreti ya soda, Lois amelala mapajani mwangu, mkono wake umeshika kola yangu. Kituku alinitazama, akatazama karatasi, akanitazama. Hajawahi mtu kunitazama muda mrefu hivyo bila kutaka chenji. Nilikuwa nimefunga kitambaa cha bluu, zawadi ya Shangazi, na hereni zangu za ushanga. Nilijiambia: huyu ananiita kwa jina la mtoto wangu. Huyu anajua tuko wawili.

Jumatano alikuja na kitu kimefungwa kwa gazeti.

"Usikitazame bado. Jalada halijaribiwi mkononi, linajaribiwa kwenye kamba. Geuka. Fumba macho."

Nikageuka. Nilisikia vibanio vikilia, majarida yakisogezwa. "Nimekaza hapa," alikuwa anajisemea, "na jirani yake namlaza juu, kama unavyofanya wewe... Haya, toka nje, tazama ukiwa barabarani."

Sikuwahi kutoka. Mlangoni palikuwa na mtu tayari, kikapu kichwani, mdomo wazi.

"Wakesho!"

Shangazi Tryphena alisoma shule ya misheni, na husoma kwa sauti kila anachokiona, hata pakiti ya chumvi. Alikuwa ananyoosha kidole kwenye kamba, kwenye nusu ya uso uliofungwa kitambaa cha bluu alichokinunua mwenyewe, na chini ya uso huo, kwa herufi nyekundu za kuonekana kutoka stesheni, akasoma:

"A-me-ku-ba-li."

"Shangazi..."

"Umekubali nini? Umemkubali nani? Mpaka kitu kimeshachapwa, kimetungikwa, Voi nzima imesoma, mimi niliyekulea nasoma pamoja na wapita njia? Na wazee wa Wusi ni Jumamosi!"

"Shikamoo, mama," Kituku alisema, akiwa amesimama wima kama mtoto wa shule. "Halijachapwa. Ni mfano tu. Halafu kuna alama."

"Alama gani? Ya msalaba?"

Kituku aliliinua lile jarida la jirani kwa vidole viwili. Pale chini yake, upande wa kulia, ilikuwa imejificha alama ya kuuliza. Ilikuwa nyekundu, nene, imepita mpaka wa kipande cha kushoto kwa upana wa kidole tu.

Shangazi aliitazama. "Kumbe ni swali."

"Ni swali, mama."

"Na ndivyo huko Ukambani mnavyouliza mtoto wa watu? Kwenye kamba ya nguo?"

Siku nyingine ningecheka. Lakini jarida la jirani lilikuwa limeinuliwa, na mimi nilikuwa naliona jalada lote kwa mara ya kwanza. Kituku alikuwa amefanya vizuri. Lazima niseme haki. Macho yangu yalinitazama mwenyewe. Kichwa changu kilifunika jina la jarida, mimi, mpangaji. Meno yalionekana kidogo, jinsi wanavyopenda. Mabega yalikuwa yangu. Kola ilikuwa yangu, imevutwa kidogo upande mmoja, na hakuna aliyeivuta. Picha ilikuwa imekatwa mabegani. Mapaja hayakuwapo.

"Lois yuko wapi?" niliuliza.

"Amelala pale kwenye kato..."

"Hapa. Lois yuko wapi hapa?"

Alitazama jalada, kisha mimi, na niliona akielewa, na kuelewa kwake hakukunisaidia kitu.

"Mkato wa jalada ni mabegani, Mama Lois. Ndivyo wanavyofanya wote. Tumeangalia pamoja. Hakuna nyota mwenye mtoto."

"Ndiyo, tumeangalia. Wanawake wote hawa," na mkono wangu ukapita kamba nzima, "hakuna hata mmoja aliyezaa? Watoto wao wamewapeleka wapi? Werugha?"

Hata Shangazi aliteremsha kikapu.

"Danson angalau amesema kwa mdomo wake," nikaendelea, na sauti yangu haikuwa yangu. "Wewe unaniita Mama Lois kutwa, halafu ukishika brashi unanikata. Chukua jalada lako, Kituku. Mpelekee bwana wako wa Mombasa. Jibu la swali hilo unalijua, tulilitafuta pamoja."

Alilitungua polepole, kibanio kimoja, kisha cha pili. Alimtazama Shangazi, akamtazama Lois aliyeanza kugeuka usingizini, akatoka.

Ile nafasi kwenye kamba niliiacha wazi. Sijui kwa nini. Wateja waliniuliza, nikasema kibanio kimevunjika.

Alhamisi treni ilishusha bunda, na kwa mara ya kwanza hakuja mtu wa kulifungua nami. Nililifungua peke yangu. Nilimwona nyota mmoja ameinama, mkono ukitoka nje ya picha, na nikajikuta najiuliza huo mkono umemshika nani upande usioonekana. Nilitaka kumwambia. Hilo ndilo liliniuma zaidi ya yote: nimegundua kitu, na aliyepaswa kukisikia hayupo.

Jumamosi Shangazi alikuja dukani asubuhi kunichukua. Alikuwa amevaa leso mpya, na amemvisha Lois gauni la kanisani.

"Funga duka mapema. Mzee Fanuel nimeshamwambia. Wageni wanafika mchana."

"Shangazi, kaa kwanza." Nikamsogezea kreti ya soda. "Nimefikiri. Wazee wakija nitawasalimia, nitawapa chai, na Danson nitamwambia mwenyewe, kwa heshima, na mimi nikiwa na kofia mkononi kama yeye. Anayenitaka atuchukue wawili. Akishindwa, hajakosea. Lakini Lois hapandi Werugha bila mimi."

"Kwa ajili ya yule mchoraji."

"Mchoraji hayupo, si unaona? Ni kwa ajili ya Lois. Hata asije mtu mwingine maisha yangu yote."

"Utazeekea kwenye kaunta hii."

"Nitazeeka na mtu wa kunisugua mgongo."

Shangazi alivuta pumzi ndefu. Alimtazama Lois aliyekuwa anahesabu vibanio kwa namba zake mwenyewe, tatu, nane, tatu. Alifungua mdomo, na sijui alitaka kusema nini, kwa sababu mlangoni kivuli kiliingia, na harufu ya tapentaini nyuma yake.

"Shikamoo, mama," Kituku alisema.

Shangazi aliitika kwa kidevu.

Macho ya Kituku yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyepaka rangi karibu na taa. Hakunisalimu mimi. Alikwenda moja kwa moja kwenye kamba, kwenye ile nafasi wazi, akatundika jalada jipya, na jirani yake hakumlaza juu. Aliliacha lionekane lote.

Niliona kichwa kwanza. Kilikuwa kimefunika jina la jarida kabisa, herufi zote isipokuwa ya mwisho. Kilikuwa kichwa cha Lois, nywele zake zisizokubali kitana, macho yake makubwa yakitutazama sisi, na mkononi ana brashi. Mimi nilikuwa nyuma yake, nimemshika kiunoni, sitazami mtu mwingine. Namtazama yeye.

"Umevunja sheria zote za majalada," nikasema. "Mama hatutazami. Mtoto amefunika jina, na hajulikani na mtu."

"Mimi namjua."

"Bwana wa Mombasa atalikataa."

"Akilikataa atakuwa amekataa jalada. Ng'ombe bado wapo." Alisugua kidole chenye rangi kwenye suruali. "Uliniuliza jalada linafunika au linaonyesha. Nimefikiri siku zote hizi. Nadhani aliyelichora ndiye huonekana. Lile la kwanza lilinionyesha mimi, na sikupenda nilichokiona."

Shangazi alikuwa amesimama. "Na wewe uko wapi hapo?" alimwuliza. "Naona mama, naona mtoto. Mwanamume simwoni."

"Niko nyuma, mama."

"Nyuma ya nani?"

"Nyuma ya jarida. Geuza."

Shangazi aligeuza. Kwenye jalada la nyuma, pale wanapoweka tangazo la sabuni, Kituku alikuwa amejichora ameinamia karai, mikono ya shati imekunjwa, anafua gauni dogo la kanisani, na povu limemfika puani. Shangazi alitazama kwa muda mrefu. Mabega yake yalianza kutikisika. Nilidhani analia, mpaka nikasikia.

"Mwanamume! Sabuni yote hiyo kwa gauni moja! Utatufilisi!"

Aliligeuza tena, akifuta macho kwa ncha ya leso, na ndipo nilipoyasoma maneno. Yalikuwa upande wa kushoto, mekundu, mahali pake. Safari hii hakuwa ameandika *Amekubali*. Ilikuwa *WATAKUBALI?*

Wa. Si mimi peke yangu. Herufi mbili tu mwanzoni mwa neno, na mtoto wangu alikuwa ndani yake.

Na mwisho wa neno kile kindoana, kimekaa pale pale, upande wa kulia kidogo.

"Umeacha alama," nikamwambia.

"Sina haki ya kuiondoa mimi."

"Na unajua maana yake. Swali kwenye jalada."

"Najua." Aligusa ukingo wa jalada. "Nimeandika hivyo hivyo."

Nilikwenda kwenye bunda la Alhamisi. Nilichagua lile la nyota aliyeinama, mwenye mkono unaotoka nje ya picha. Nikamwomba Lois kibanio, akanipa baada ya kufikiri. Nikalitundika pembeni, na kulilaza juu ya jalada letu kama nilivyolaza majarida miaka yote ile, kama mabati ya paa, kwa upana wa kidole. Kisha nikarudi nyuma mpaka nikagusa kaunta, na mkono wa Kituku ulikuwa pale kwenye kaunta, na sikuuondoa wangu.

Shangazi Tryphena alikuwa amefika mlangoni na kikapu chake. Aligeuka. Kama kawaida yake, akasoma kwa sauti kile alichokiona.

"Wa-ta-ku-ba-li."

Alikitazama kipande kile cha kulia kilichofunikwa. Anaijua kamba yangu sasa; hadanganyiki mara mbili. Aliinua mkono kama anayetaka kufunua, kisha akaurudisha, akakaza leso yake.

"Hii nayo ina alama?" aliuliza.

"Haina, Shangazi."

"Basi niwahi nyumbani, wazee wa Wusi wasije wakapata mlango umefungwa. Chai watakunywa, hata kama habari hawataipenda." Akamnyooshea Kituku kidole. "Na wewe, ulimi wako uje nao. Utawaeleza mwenyewe. Kwa mdomo, si kwa kamba."

Lois alimvuta Kituku suruali, akamwonyesha kichwa chake mwenyewe pale juu ya kamba.

"Ananifuata," alisema.